Kadi ya Dante kwenye X32 ya kanisa: shughuli iko kwenye saa na swichi

Mkuu, nilivyokuelewa hali yako ni hii. Kanisa lenu hapo Moshi lina mikisa ya dijitali ya Behringer X32 kubwa na S16 jukwaani (lile sanduku la kuchomekea maiki), mmenunua kadi ya Dante, yaani mfumo wa kusafirisha sauti kwa waya wa mtandao, na mnataka sauti ifike sehemu mbili zaidi: chumba cha matangazo ya mtandaoni, na ukumbi wa ng'ambo ya kiwanja ambao kila Desemba hufurika watu waliorudi nyumbani. Halafu ukauliza kama unaweza kuchomeka kila kitu kwenye swichi ile ile ya mtandao ya ofisi yenye intaneti na kamera za ulinzi.

Mimi nipo Arusha, nafunga mitambo ya sauti makanisani na kwenye kumbi za mikutano, na kadi hizi nimezifunga huku kwetu na huko kwenu. Kuhusu swichi ya ofisi jibu ni hapana, na sababu zake nitazifikia.

Nianze na kadi yenyewe, maana naona wachangiaji wengine wamekutisha bure. Zima mikisa, chomoa na waya wa umeme kabisa, usitegemee batani peke yake. Shika chuma cha mikisa kidogo ili kutoa umeme tuli mwilini. Nyuma kuna kadi ya USB iliyokuja na mikisa. Fungua skrubu zake, ivute taratibu, na kabla hujaendelea kuvuta tazama kinachoishikilia kwa ndani. Ingiza ya Dante kwa mkono mwepesi, rudisha skrubu, washa. Mikisa ikiitambua utaiona kwenye ukurasa wa kadi ndani ya "Setup". Isipotambulika, pandisha kwanza fimwea (programu ya ndani) ya mikisa kabla hujaanza kulaumu duka. Ile kadi ya zamani itunze. Ukishaitoa hamwezi tena kurekodi kwa waya wa USB kwenda kwenye kompyuta, kwa hiyo mwambie mapema kijana anayerekodi kwaya. Kuna programu ya Dante Virtual Soundcard inayorudisha uwezo huo kupitia waya wa mtandao, ila inalipiwa. Dante Controller, ambayo ndiyo ya kupangia mtandao mzima, ni ya bure.

Sasa kwa nini kadi, wakati X32 tayari ina matundu mawili ya AES50 yanayofanana na ya mtandao? Kwa sababu AES50 ni ya kifaa kwa kifaa. Inaleta maiki kutoka S16 vizuri sana, lakini ukiipitisha kwenye swichi ya mtandao haifiki popote. Dante inatembea kwenye swichi za kawaida za Ethernet, kwa hiyo chanzo kimoja kinaweza kuchukuliwa na vyumba kadhaa. Kadi inakaa katikati kama daraja: maiki inaingia kwa AES50 kutoka jukwaani, inapita ndani ya mikisa, inatokea upande wa pili ikiwa Dante. Chaneli 32 za kwenda na 32 za kurudi.

Na ukiunganisha mitandao miwili ya sauti unakuwa na saa mbili. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopoteza Jumapili zao.

Sauti ya dijitali kwa kiwango cha 48 kHz ni vipimo 48,000 kila sekunde, na kila kifaa kina kifuwele chake cha kuhesabia. Hakuna vifuwele viwili vinavyokwenda sawasawa kabisa. Mikisa ikihesabu kwa saa yake na Dante kwa saa yake, tofauti ndogo inajikusanya mpaka kipimo kimoja kinazidi au kinakosekana, na hapo unasikia "tik". Ni kwaya yenye waongozaji wawili, kila mmoja anapiga mkono wake. Kinachochanganya ni kwamba tik hizo hazina mpangilio wa kueleweka. Zinakuja, zinapotea, zinarudi katikati ya mahubiri. Watu wanabadilisha maiki, wanabadilisha nyaya, wanasema ni jenereta. Kanisa moja nililoitwa walikuwa wameshanunua maiki mpya za kwaya nzima, na tatizo lilikuwa mstari mmoja kwenye menyu.

Mstari wenyewe uko "Setup", ukurasa wa "Config". Pale penye chanzo cha saa utakuta machaguo ya "Local", AES50 A, AES50 B na "Card". Weka "Card". Kisha kwenye Dante Controller nenda ukurasa wa "Clock Status" na uipe kadi ya X32 alama ya "Preferred", ili yenyewe ndiyo iongoze saa ya mtandao mzima. Sasa mnyororo unaeleweka: kadi inaongoza, mikisa inaifuata kadi, S16 inaifuata mikisa kupitia AES50.

Ipo njia nyingine ya halali, kuiacha mikisa kwenye "Local" na kuiamuru kadi ifuate saa ya mikisa kwa alama ya "Enable Sync to External". Inafanya kazi pia. Mimi naipenda ya kwanza, na hata mtu akichomoa waya wa mtandao, kadi inaendelea kutoa saa yake mwenyewe na ibada ndani ya kanisa haiguswi. Usichoruhusiwa ni kuweka zote mbili kwa pamoja, maana hapo mikisa inaitazama kadi na kadi inaitazama mikisa. Kiwango kiwe 48 kHz kila mahali, kwenye mikisa na kwenye kila kifaa cha Dante. Kifaa chenye kiwango tofauti hakitakubali kupokea. Na kazi hii ifanyike amplifaya zikiwa zimezimwa, siku isiyo na ibada, kwani kubadilisha saa kunaweza kupiga mshindo kwenye spika.

Haya, swichi.

Uzito wa data wala si tatizo. Dante hubeba sauti kwa mafungu, kwa kawaida chaneli nne kila fungu, na fungu moja linakula kama megabiti 6 kwa sekunde. Chaneli zako zote 32 hazifiki megabiti 50, na swichi ya gigabiti inazimeza bila kuhema. Kinachoumiza ni kuchelewa. Vifaa vinapatana saa kwa kutumiana pakiti ndogo ndogo, na pakiti hizo zikikaa foleni nyuma ya picha za kamera za ulinzi au nyuma ya mtu anayepakua video ofisini, saa inayumba. Kwa kawaida Dante inavumilia milisekunde 1 tu ya safari. Swichi ya kusimamiwa, yaani yenye menyu ya mipangilio, unaweza kuipangia vipaumbele, alama ya DSCP 56 kwa pakiti za saa na 46 kwa sauti, kisha ukatenga VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi hiyo hiyo) ya sauti na ya kamera. Kama mna mtu wa kuitunza, sawa. Lakini kwa kanisa ambalo fundi mitambo ni mwalimu wa sekondari anayejitolea Jumapili, mimi nasema nunueni swichi ndogo ya gigabiti ya sauti peke yake, isiyogusana na intaneti kabisa. Rahisi, na hakuna mtoto wa ofisi atakayekuja kuchomeka ruta yake humo.

Unaponunua uliza jambo moja tu: EEE, ule mfumo wa kuokoa umeme wa 802.3az. Unalaza matundu yasipokuwa na kazi nyingi, na Dante inauchukia. Swichi nyingi za bei nafuu zisizosimamiwa zinao na hakuna pa kuuzima. Chagua isiyokuwa nao, au ya kusimamiwa ambayo mfumo huo unazimika.

Mkishawasha mtaona vifaa vimejipa anwani za 169.254. Mtu wa kompyuta wa ofisini ataruka akisema mtandao umekufa, kwa sababu kwake anwani hiyo ina maana kwamba ruta haikujibu. Kwenye Dante isiyo na ruta ndivyo inavyotakiwa, mwacheni apumue. Kompyuta ya matangazo itumie waya kwa Dante na Wi-Fi kwa intaneti. Dante yenyewe haipiti kwenye Wi-Fi. Na yule mchangiaji aliyependekeza zile redio za kurushia intaneti kutoka paa hadi paa, kwa intaneti ushauri wake ni mzuri, kwa kazi hii hapana. Pakiti za redio hazifiki kwa mwendo ulio sawa, na saa itakuwa ya kwanza kulalamika.

Kadi ina matundu mawili ya mtandao. Kwenye mpangilio wa "Switched" yanafanya kazi kama swichi ndogo, kwenye "Redundant" ni njia mbili tofauti, kuu na ya akiba. Wewe tumia "Switched" na uchomeke waya mmoja tu. Kuna watu wanachomeka yote mawili kwenye swichi ile ile wakidhani wanaongeza usalama, kumbe wametengeneza mzunguko, na mtandao wote unalala.

Ukumbi wa ng'ambo ndio unaohitaji pesa. Waya wa shaba kikomo chake ni mita 100, lakini hata kama ni mita 60 mimi nisingeupitisha. Majengo mawili yana ardhi mbili za umeme, na radi za masika huko chini ya mlima unazijua. Shaba inayounganisha majengo ni njia ya kupeleka mshtuko moja kwa moja kwenye swichi na kwenye mikisa. Pitisheni faiba, yenye kinga ya nje, ndani ya bomba, na swichi zenye tundu la SFP (la kuchomekea faiba) la gigabiti kila upande. Mafundi wanaounga faiba za intaneti za majumbani wapo mjini Moshi, na kuunga ncha za waya mmoja ni kazi ndogo kwao. Upande wa ukumbi kifaa kidogo cha Dante AVIO cha kutoa chaneli mbili za analogi kinatosha kuingia kwenye mikisa ndogo au amplifaya. Kinakula umeme wa PoE, yaani unaopita kwenye waya wa mtandao wenyewe, kwa hiyo swichi ya ukumbini iwe na PoE. Swichi zote mbili zikae kwenye UPS pamoja na mikisa. Umeme ukirudi vifaa vinajiunganisha vyenyewe, kwa kuwa kila kipokezi kinakumbuka kilikuwa kinapokea kutoka kwa nani, hata kama kompyuta imefungwa. Ila kinakumbuka kwa jina. Vipeni vifaa na chaneli majina kwanza, ndipo muunganishe. Mtu akibadilisha jina baadaye, muungano unakatika.

Kuunganisha kwenyewe ni mchezo: kwenye Dante Controller vitoaji vimepangwa juu, vipokezi pembeni, unabofya pale vinapokutana, unangoja alama ya kijani.

Upande wa mikisa ndipo watu wanapokosa sauti. Kadi inalishwa kwenye "Routing", ukurasa wa "Card Out", kwa mafungu ya chaneli nane. Usipeleke maiki ghafi ukumbini, peleka mchanganyiko uliokwisha. Chukua matriksi moja (njia ya kutolea mchanganyiko uliokwisha) kwa ajili ya ukumbi na basi mbili (njia za kuchanganyia) zilizounganishwa ziwe stereo kwa matangazo, zipange kwenye "Out" 9 hadi 16, kisha fungu hilo lipeleke kwenye kadi. Nasema 9 hadi 16 kwa sababu namba hizi ndizo zinazotoka pia kwenye XLR za nyuma, na za mwanzo bila shaka zinalisha monita za jukwaani. Zikague hizo ulizochagua, hasa 15 na 16, watu wengi hutolea spika kubwa hapo.

Na matangazo yapewe mchanganyiko wao, tafadhali. Usiwape ule ule wa kanisani. Matarumbeta na ngoma ndani ya kanisa vinajisikia vyenyewe, fundi havipandishi, pengine havina hata maiki. Anayefuatilia kutoka Dar es Salaam anasikia sauti ya mwimbaji na kinanda tu, tarumbeta anaiona kwenye picha. Wekeni maiki mbili za kuelekea matarumbeta zinazoingia kwenye basi ya matangazo peke yake.

Desemba mkiweka spika chini ya maturubai uwanjani, ambako watu wanasikia na spika za ndani kupitia milango, hapo lazima mcheleweshe. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kila mita. Turubai lililoko mita 40 linahitaji takriban milisekunde 117, na X32 ina ucheleweshaji kwenye kila "Out" unaofika milisekunde 500. Anza na hesabu, malizia kwa masikio. Ukumbi uliofungwa hauhitaji hata hiyo.

Nitumie modeli ya swichi mnayoitazama kabla hamjalipa, nikuangalizie kama EEE yake inazimika. Na uniambie kutoka kanisani hadi ukumbini ni mita ngapi kwa njia ambayo bomba litapita, si kwa macho.