Ratiba ya kiwanda cha chipu: anza na simulasio, hesabu ifuate

Nasaidia wadogo wanaosoma enfomatike hapa Lubumbashi, na wale wanaochagua ratiba ya kiwanda cha chipu, vile vipande vidogo vya ndani ya ordinatere na telefone, kwa kazi ya kumaliza masomo karibu wote wanakimbilia hesabu ya kutafuta ratiba bora kabisa. Mimi nawaambia hapana, anza na simulasio, ni kusema kuiga kiwanda mu ordinatere uone kinavyotembea.

Juu chipu inajengwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka inarudisha wefa, ile sahani nyembamba ya silikoni, kwa masini zilezile za kuchapa kwa mwanga. Hatua ni mamia, na muda mwingi wefa inangoja tu foleni.

Sasa angalia tanuru, masini ya kupasha wefa moto. Wefa zinatembea mu sanduku, 25 kila moja, na tanuru inabeba masanduku kadhaa kwa mara moja. Kabla ya kuingia zinaoshwa, na zikishaoshwa tu saa inaanza kuhesabu, juu hewa inaleta oksaidi, sawa na kutu, juu ya silikoni, ukichelewa unaosha upya ao unatupa. Hesabu itakuambia osha masanduku 6 pamoja, tanuru inafunguka, yote yanaingia, safi kabisa! Kumbe tanuru ikiharibika saa hiyo wefa 150 ziko hatarini. Kuosha 3 kwanza kulionekana uvivu, lakini mu simulasio yenye masini zinazoharibika kunaweza kushinda.

Basi chukua Python, SimPy ya simulasio na OR-Tools ya hesabu, zote za bure. Simulasio ikishasimama, usipange kiwanda kizima kwa hesabu, ordinatere haitamaliza, shika pahali penye foleni ndefu, mara nyingi ni masini za mwanga, panga saa chache zinazokuja, halafu pitisha ratiba ile mu simulasio mara nyingi, kila mara masini ziharibike kwa saa tofauti. Muda wa kungoja unaotoka humo urudishe mu hesabu, panga tena. Na ulinganishe na kanuni rahisi ya aliyefika kwanza aanze, kama hauishindi, bado, na usiangalie wastani peke yake, angalia masanduku yaliyochelewa zaidi.

Data usibuni, kuna SMT2020, mfano wa kiwanda uliotengenezwa kwa watafiti, na kuharibika kwa masini kumo. Toa humo bidhaa moja na tanuru moja, uanze na hizo.