Maswali ya Wasomaji: Je, Milima ya Ngong Yaweza Kulipuka?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua kiwanja Kiserian, chini ya Milima ya Ngong, na ninajiandaa kujenga. Mzee mmoja wa hapo amenieleza kwamba milima hiyo ni volkeno. Nikiukumbuka ule ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok mwaka 2018, ninaingiwa na wasiwasi. Je, volkeno hiyo yaweza kulipuka tena? Na wataalamu wanajuaje? – Msomaji, Kiserian

JIBU: Mzee huyo amekuambia kweli, ila volkeno hiyo ilikufa zamani mno. Mlima uliokuwapo hapo ulikuwa mkubwa kuliko huu tunaouona, na ulimwaga lava yake takriban miaka milioni 5 hadi 7 iliyopita. Baadaye Bonde la Ufa lilipozidi kudidimia, upande wa magharibi wa mlima ulikatika ukazama pamoja na sakafu ya bonde. Vilele vilivyobaki ni masalia ya ubavu wa mashariki, na ndiyo maana ukisimama juu yake unaona ardhi ikishuka kwa ghafla upande wa bondeni.

Umri huo haukukisiwa tu. Mawe mengi ya volkeno yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa kasi isiyobadilika, kiasi kwamba nusu yake huisha katika miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa bado ni uji wa moto, argoni hutoroka. Ikishaganda, gesi inayozaliwa humo hunaswa ndani ya chembe za madini. Kwa hiyo mtaalamu akipima argoni iliyonaswa na potasiamu iliyosalia, anaweza kukokotoa ni lini jiwe lile liliganda. Ukiifuata barabara ya Magadi kutoka hapo kwako utafika Olorgesailie, ambako njia ya namna hiyo imetumika kupima umri wa tabaka za majivu zenye shoka za mawe za watu wa kale.

Volkeno zinazostahili kuangaliwa ziko ndani ya bonde lenyewe. Suswa iko magharibi ya Nairobi na Longonot kaskazini-magharibi, zote mbili karibu kuliko Wanairobi wengi wanavyodhani, na inaaminika kwamba Longonot ilitoa lava katika karne ya 19, ambayo katika hesabu za miamba ni kama jana. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Juliet Biggs walichapisha vipimo vilivyochukuliwa kwa rada za setilaiti, ambazo hupiga picha ya eneo moja mara kwa mara na kugundua ardhi iliyopanda au kushuka hata kwa sentimita chache. Walikuta kwamba kati ya 2004 na 2006 Longonot iliumuka kama unga uliotiwa hamira, ikapanda kwa takriban sentimita 9, ilhali Suswa na Menengai, volkeno iliyo karibu na Nakuru, zilikuwa zimeshuka kidogo miaka michache kabla ya hapo. Hakuna aliyehisi lolote. Kabla ya vipimo hivyo ilikuwa rahisi kuziona volkeno hizo kama zilizolala kabisa, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya utafiti wa aina hii: unatuonyesha magma (mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi) au maji ya moto yakisukuma ardhi bila kusubiri moshi utokee.

Kuumuka hakumaanishi kwamba mlipuko umefika. Mnamo Julai 2007 Nairobi ilitikiswa na mfululizo wa matetemeko, watu wakakimbia nje ya maofisi. Kubwa zaidi, la tarehe 17, lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Chanzo kilikuwa kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Gelai, ambako magma ilijipenyeza katika miamba ikaishia humo bila kufika juu. Ni jirani yake, Ol Doinyo Lengai, aliyelipuka Septemba hiyo.

Kuhusu ule ufa wa 2018, mvua kubwa za Machi zilipenya katika majivu laini ya volkeno yanayofunika sehemu hiyo ya bonde na kuyaosha chini kwa chini, mpaka juu pakaporomoka. Wapo wanajiolojia wanaoona kwamba maji yalifuata mipasuko ya zamani, na hilo linawezekana. Lakini habari zilizovuma kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu zilipotosha sana: bonde linapanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka.

Kwa nyumba yako, ningehofia udongo kuliko mlima. Ukikuta udongo mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, usikubali fundi auwekee msingi juu yake. Na uchimbwe mpaka mwamba au tabaka gumu lipatikane.

SWALI: Mawe ya kijivu ya ukuta wetu yana vipande vyeupe na punje zinazometameta juani. Ni madini ya thamani? – Msomaji, Embakasi

JIBU: La. Mawe mengi ya kujengea Nairobi ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana na kugeuka mwamba. Vipande vyepesi vyenye vitundu vidogo ni povu la lava lililoganda, na punje zinazometa ni fuwele za feldispa zilizoanza kukua ndani ya magma kabla ya mlipuko. Jiwe hilo ni laini kiasi cha kuchongwa kwa nyundo na patasi. Linganisha na kokoto nyeusi za zege: nyingi hutokana na lava ngumu ya fonolaiti, ambayo ukiigonga kwa nyundo hulia kama chuma.