Kwa nini bao la mchezaji aliyerudi nyuma lilikataliwa

Pole ndugu yangu wa Chang'ombe. Umesema mshambuliaji wenu alirudi nyuma kupokea pasi, akafunga, kibendera kikapanda. Kwa ulivyoeleza, ameotea (offside) kweli. Kinachoangaliwa ni mahali mshambuliaji alipokuwa wakati mwenzake anaupiga mpira, si mahali alipoupokea. Kurudi hakumwokoi.

Jioni mkimaliza mazoezi, panga mawe matatu kwenye vumbi: kipa, beki, mshambuliaji. Kokoto iwe mpira. Sogeza kokoto kwanza, ndipo jiwe la mshambuliaji. Mimi nilielewa hivyo, baada ya miaka ya kubishana bure! Mshambuliaji akiwa mbele ya mpira (yaani karibu zaidi na goli la wapinzani) na pia mbele ya mpinzani wa pili kutoka mwisho (kipa huhesabiwa), yuko eneo la kuotea. Akilingana naye, yuko salama. Mikono haihesabiwi.

Kusimama tu pale si kosa, mpaka aucheze mpira au, mfano, amzibe kipa macho. Kona, mpira wa kurusha na goli kiki havina kuotea, wala nusu yenu wenyewe.

Tafadhali, vijana wasimzonge mwamuzi; kadi zitawaumiza. Mkibaki na shaka, mwombeni mwamuzi mwenye cheti aje mazoezini awaelekeze.