Kufungua kesi ya ufilisi Marekani ukiwa na kiwanja nyumbani: jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unaishi Ohio, una madeni ya kadi yanayokaribia dola 41,000, na wakili amekushauri ufungue kesi ya ufilisi kwa Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, ile ambayo sote hapa tunaiita Chapter 7: mali isiyokingwa na sheria huuzwa kulipa wadai, na madeni mengi yanayobaki husamehewa. Umeuliza mambo mawili: kama uandikishe kiwanja chako cha Kibaha, Tanzania, kwa jina la mama kabla ya kufungua kesi, na kama kuna ubaya kwa kuwa mwezi wa pili ulimrudishia kaka yako dola 3,000 alizokukopesha. Nami nilipita njia hiyo mwaka 2024, katika jimbo hilo hilo, na nakusihi usikiguse kiwanja hicho.

Mwaka 2021, mizigo ilipokuwa ikilipa vizuri na hata malori yaliyotumika yakiuzwa kwa bei kubwa, nilichukua mkopo nikanunua lori. Malipo ya mizigo yaliposhuka mwaka uliofuata, marejesho ya mkopo yalibaki pale pale. Kampuni yangu ilikuwa na jina lake, lakini mkopo niliudhamini kwa sahihi yangu, hivyo lori lilipokamatwa na kuuzwa, deni lililobaki likawa langu binafsi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya madeni yangu ilikuwa ya biashara, sikupimwa kipato. Yako ni ya matumizi ya nyumbani, kwa hiyo kipato chako cha miezi sita kabla ya kufungua kesi kitalinganishwa na kile cha kaya ya kati ya Ohio yenye idadi ya watu kama yako. Hesabu hiyo mwachie wakili.

Sasa kiwanja. Kwa sheria ya ufilisi ya hapa, mali ya mdaiwa huhesabiwa popote ilipo duniani na mikononi mwa yeyote aliyeishika. Hati ya wizara au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, zote mbili ni mali, na fedha ulizokwisha kuchangia kwenye mchezo wa upatu ambao zamu yako haijafika ni mali pia. Ukimpa mama kiwanja leo bila malipo, mfilisi, yaani msimamizi anayeteuliwa kushughulikia mali ya mdaiwa kwa niaba ya wadai, anaweza kurudi nyuma miaka miwili kwa sheria ya shirikisho, na minne kwa sheria ya Ohio, akautengua uhamisho huo. Ikionekana kwamba ulihamisha ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi kwa nia ya kuwakwepa wanaokudai, mahakama inaweza kukunyima kabisa msamaha wa madeni, ukabaki na deni lote na jina la mtu aliyeficha. Kufilisika si kosa la jinai. Kuficha mali chini ya kiapo ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitano. Kwa sisi ambao wengi bado tunasubiri uraia, tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Mimi nilikuwa na kiwanja Chanika, nilichokinunua shilingi milioni nne. Nilikaa siku tatu nikijiambia kwamba hakuna mtu Columbus atakayekijua, kisha nikamwomba mdogo wangu apige picha karatasi ya mauziano na kuuliza bei ya viwanja jirani, na vyote nikampa wakili. Kikao cha wadai kilifanyika kwa video. Nilikaa mezani jikoni, kitambulisho na kadi ya hifadhi ya jamii mbele yangu, nikainua mkono wa kulia nikaapa. Hakuna mdai hata mmoja aliyejitokeza. Mfilisi aliuliza kuhusu lori, kuhusu kodi, halafu akauliza kama nina mali yoyote nje ya Marekani. Nilipojibu kwamba ipo na imeandikwa kwenye orodha, alifungua ukurasa, akasoma thamani, akauliza kama kuna jengo, akaendelea na swali jingine. Dakika kama nane, tukamaliza. Baadaye tulikubaliana nilipe dola 600 kwa awamu tatu, kwa sehemu ya thamani ambayo kinga za sheria ya Ohio (kiasi cha mali ambacho mdaiwa anaruhusiwa kubaki nacho) hazikuifunika, na kiwanja kikabaki changu. Mfilisi mwingine angeweza kuamua tofauti, lakini kukiuza kiwanja kidogo kilicho ng'ambo ya bahari kuna gharama zake, naye huzipima.

Kuhusu kaka yako, malipo kwa ndugu wa karibu yaliyofanyika ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi, yakifika dola 600 au zaidi, mfilisi anaweza kuyadai kutoka kwa huyo ndugu ili yagawanywe kwa wadai wote. Kwa wadai wasio ndugu, muda huo ni siku 90 tu. Yataje malipo hayo, kisha muulize wakili kama inafaa kusubiri mwaka utimie. Kusubiri nako kuna hatari: mdai aliyekwisha kupata hukumu anaweza kukatiwa hadi asilimia 25 ya mshahara wako baada ya makato ya lazima, na kinachosimamisha makato hayo ni kufunguliwa kwa kesi.

Ada ya mahakama ni dola 338, na unaweza kuomba kulipa kwa awamu. Utahitaji somo la ushauri wa fedha ndani ya siku 180 kabla ya kufungua, na la pili baada ya kufungua. Usipolimaliza hilo la pili, msamaha hautolewi. Mikopo mingi ya masomo, matunzo ya watoto na kodi za karibuni havifutiki.

Mimi pia nilidaiwa na ndugu, mjomba wangu aliyeko Mwanza, dola 2,200, na sheria ilinilazimu kumwandika kama mdai wa kawaida. Nilimpigia kabla barua ya mahakama haijamfikia, nikamweleza kwamba deni lake litafutwa kwenye karatasi. Sheria haimzuii mtu kulipa kwa hiari deni lililosamehewa. Barua ya msamaha ilikuja takriban miezi minne baada ya kufungua, na mwezi uliofuata nilimtumia mjomba dola 100 za kwanza.