Kujitengenezea Kinu cha Maji ya Chokaa kwa Tangi la Matumbawe

Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati yanazofyonza majini, na katika tangi dogo la kuyafugia nyumbani akiba hiyo hupungua kila siku bila kungoja siku ya kubadilisha maji. Kwa sisi tunaoyafuga hapa Kisumu, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka baharini, njia ambayo nimeiona ikifaa kuliko nyingine ni maji ya chokaa, ambayo wafugaji wa nchi nyingi huyaita kalkwasser na ambayo yalipata umaarufu tangu miaka ya 1970 kupitia maandishi ya Peter Wilkens, mtaalamu wa matangi ya bahari. Joto la mji wetu hata linasaidia: feni inayopoza tangi hukausha maji mengi, na pengo linaloachwa na maji hayo ndiyo nafasi yetu ya kuingizia chokaa. Watu wengi wanaoniuliza habari za kinu, yaani chombo cha kuyeyushia chokaa majini, huanza na paipu, gundi na vali. Mimi huwashauri waanze na ndoo itakayokilisha maji, kwa kuwa usalama wa tangi zima umo humo.

Sababu iko kwenye hesabu. Chokaa huyeyuka kidogo sana, takriban gramu 1.6 katika lita moja kwenye nyuzi 25, na kinyume cha sukari, maji yakipata joto uyeyukaji wake hupungua. Maji yaliyoshiba chokaa huwa na pH (kipimo cha uchachu na ualkali) ya karibu 12.4 na takriban miligramu 800 za kalsiamu katika kila lita. Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita 4 kwa siku: ukizirudisha zote zikiwa zimeshiba chokaa, utakuwa umeongeza miligramu 16 za kalsiamu kwa kila lita ya tangi, pamoja na alkali ya takriban dKH 2.2 (dKH ni kipimo cha alkali ya maji). Ni tangi lililosheheni matumbawe magumu pekee linaloweza kutumia kiasi hicho kila siku. Lenye matumbawe laini na vipande vichache vilivyopandikizwa juzi halihitaji hata robo yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, pima alkali jioni, usiongeze kitu, kisha upime tena kesho yake saa ile ile. Tofauti utakayoiona ndiyo itakayokuambia ni lita ngapi za maji ya chokaa unazohitaji, na zinazobaki utazijaza kwa maji matupu.

Chokaa inayotakiwa ni kalsiamu hidroksaidi ya daraja la chakula au la maabara, na hupatikana kwa wauzaji wa kemikali za maabara za shule. Chokaa ya ujenzi, hata ile inayotoka karibu nasi kule Koru, hutengenezwa kwa ajili ya kuta na mashamba, na anayeinunua haambiwi ina magnesi au fosfati kiasi gani. Chokaa isiyozimwa usiiguse kabisa, kwani huchemka inapokutana na maji. Kopo likiwa limekaa wazi dukani, weka chembe chache kwenye kijiko chenye siki nyeupe: zikitoa povu jingi, sehemu kubwa imekwisha kugeuka kabonati kwa kuvuta hewa ya kaboni, na haitakufaa kitu. Maji nayo yawe yamechujwa kwa osmosisi, yaani kwa kusukumwa kupitia utando unaozuia madini. Maji ya bomba ya hapa, ambayo sehemu yake hutoka ziwani kupitia mtambo wa Dunga, yanatufaa sisi wanadamu lakini si matumbawe. Ukinunua kwenye vituo vya kujazia maji, uliza kwanza kama wanarudisha madini baada ya kuchuja, maana baadhi yao hufanya hivyo ili kuboresha ladha.

Kinu chenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Kata paipu ya PVC ya inchi 4 yenye urefu wa sentimita 60, ambayo hubeba takriban lita 5, uifunge chini kwa kofia iliyogundishwa na juu kwa kofia yenye nyuzi inayoweza kufunguliwa. Toboa kofia ya juu upitishe mrija mgumu unaofika hadi karibu na sakafu ya paipu, kisha toboa ubavuni, chini kidogo ya kofia, uweke mpira mwangavu wa kutolea maji. Maji safi yanayoshuka kwa mrija hupita kwenye chokaa iliyotuama chini na kuyasukuma juu yale yaliyokwisha shiba, nayo hutoka kwa ule mpira. Nasisitiza mpira uwe mwangavu kwa sababu paipu ya kijivu haionyeshi kilichomo: maji yanayotoka yakiwa kama ya mvua, kila kitu ki sawa, yakiwa kama maziwa, chembe zinaingia tangini na ni lazima usimamishe. Kusiwe na kiungo cha alumini wala cha shaba popote. Usipulize hewa ndani kwa nia ya kukoroga, kwa kuwa hewa ndiyo inayoiharibu chokaa.

Kwa tangi la lita 200 sioni haja ya pampu. Ndoo yenye mfuniko huwekwa juu ya kinu, na chini yake huunganishwa mpira wa dripu ya hospitali unaouzwa kwenye maduka ya dawa. Ndani ya ndoo weka maji ya usiku mmoja tu, hata kama ndoo ni ya lita 20. Kidhibiti cha dripu kikilegea usiku wa manane, kitakachoingia tangini ni kile kiasi ulichopima, na pengine utayakuta maji yana ukungu asubuhi. Lakini ndoo iliyojaa ikijimwaga yote, hutakuwa na cha kuokoa. Mipira mingi ya dripu hutoa matone 20 kwa mililita moja, hivyo lita 4 katika saa 12 ni takriban matone 110 kwa dakika. Rudi kuyahesabu baada ya saa moja au mbili, kwani maji yakipungua ndooni matone nayo hupunguza mwendo.

Usiku ndio wakati wake, kwa kuwa pH ya tangi hushuka taa zikizimwa, na nyumba zetu zinazofungwa madirisha mapema kwa ajili ya mbu huishusha zaidi. Wanaopendelea pampu na saa ya kuiwasha na kuizima, ile ya kuzungushwa kwa mkono, wakumbuke kwamba stima ikipotea saa hiyo husimama, na baada ya kukatika mara kadhaa chokaa itakuwa ikiingia saa nane mchana pH ikiwa kileleni. Tafuteni saa yenye betri ndani.

Tikisa kinu asubuhi dripu ikishakwisha, ili chokaa ipate mchana kutwa wa kutuama. Gramu 100 huweza kukidhi karibu wiki mbili kwa lita 4 za kila siku. Mashapo yanayobaki yamwagwe badala ya kuongezewa chokaa juu yake, maana uchafu mwingi wa magnesi na metali hubaki humo. Ncha ya mpira wa kutolea iwe juu ya maji, mahali penye mkondo wa kasi, nayo isafishwe kwa siki kila inapoota ukoko mweupe. Vaa glavu na miwani unapopima unga, na ukikuingia jichoni lisafishe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha uende hospitali.

pH ya tangi ikipita 8.5, funga dripu, fungua madirisha na uache maji yatulie yenyewe. Ikizidi sana, maji ya soda yasiyo na ladha wala sukari, yakimiminwa kidogo kidogo huku ukipima, huishusha kwa haraka.