Kucherov alidhulumiwa 2024

Kaka unasema MacKinnon alistahili Hart ya 2024, ile tuzo ya NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, na hakuna mjadala, mi nakataa bwana. Jamaa alikuwa moto sikatai, pointi 140 (magoli jumlisha asisti), ila kombe lile ni la mchezaji mwenye thamani zaidi KWA TIMU YAKE, sa hebu angalia timu zenyewe. Colorado kwa MacKinnon kulikuwa na Rantanen pointi 104 na Makar beki kabisa ana 90. Kucherov kule Tampa Bay kamaliza na 144, asisti 100 kamili, anayemfuata ni Point ana 90, yaani mtoe Kucherov pale uone timu inabaki na nini.

Najua utaniletea habari ya wachezaji wenzake nao walimpa MacKinnon tuzo yao, haya hapo umenibana kidogo 😅

Mi mechi naziangalia kwenye simu saa tisa usiku hapa Ngamiani, Tanga, bando linakata, puki yenyewe, kile kisahani wanachopiga, siioni, ila zile pasi za Kucherov za kutazama kushoto anatoa kulia nimeziona. Jana kwenye kahawa nikawaeleza wazee wa Coastal Union, mmoja kaniuliza sa hiyo barafu haiyeyuki?