Lori la jeshi M923A2: taa za upepo wa matairi zinawaka-zima zote, nibadilishe kompyuta?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Ohio, mwaka jana nilinunua lori la jeshi kwenye mnada, M923A2, nabebea magogo na kuni shambani. Shida yangu ni ule mfumo wa kujaza upepo matairi ukiwa umekaa kwenye kebini. Nikiwasha gari nikabonyeza HWY (kitufe cha presha ya barabara kuu) inaanza vizuri tu, inahema kama dakika kadhaa alafu taa zote kwenye kale kaboksi zinaanza kuwaka na kuzima, mfumo unagoma. Asubuhi tairi la nyuma kulia nalikuta limelegea. Na kuna mlio wa upepo huko nyuma ila sio muda wote. Fundi wa kwanza kaniambia ninunue kompyuta mpya, na bei yake we acha tu. Wa pili kasema nifumue mfumo wote nitupe. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usishike lolote kati ya hayo mawili, angalau kwa sasa. Umeandika maneno manne ambayo yana thamani kuliko hiyo kompyuta: "ila sio muda wote". Hapo ndo tunaanzia.

Kwanza tuelewane unaendesha kitu gani, manake wengi wanaonunua haya magari wanachanganya. Familia yenu ni M939, lori la tani 5 la kuvuta magurudumu yote sita. M939 za mwanzo na zile za toleo la A1 hazina huu mfumo wa upepo kabisa, wenyewe wanauita CTIS, umekuja na toleo la A2 pamoja na injini ya Cummins ya lita 8.3. Kwa hiyo mtu akikuuzia vifaa vya A1 akakwambia vitaingia tu, mwangalie usoni mara mbili. Wazo lenyewe ni la zamani, DUKW za Wamarekani, yale malori ya kuelea majini ya vita vya pili, zilikuwa nalo, na Warusi waliweka kwenye malori yao ya ZIL-131 na GAZ-66 bila kompyuta hata moja, dereva anashika mkono wa valvu anaangalia geji basi. Ya kwako tofauti ni kwamba kuna kaboksi, ndo hiyo kompyuta, kanaamua kwa niaba yako, na kaboksi kakiona mambo hayaeleweki kanawasha taa zote kananyamaza. Kale kanaripoti tu, sio kwamba lazima kameharibika.

Sasa sikiliza jinsi upepo unavyotembea. Kompresa inajaza matenki, upepo unatoka tenkini unapita kwenye kontrola ya upepo, ile yenye solenoidi (valvu za umeme), kutoka pale unaenda kwenye kila ekseli, unapita katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) kupitia sili maalum, manake habu inazunguka na ekseli imesimama, alafu unafika kwenye valvu ya gurudumu na ndani ya tairi. Na hapa kuna jambo ambalo ukilielewa umemaliza nusu ya kazi. Huo mstari wote kuanzia kontrola hadi kwenye valvu ya gurudumu HAUKAI na presha muda wote. Mfumo ukitaka kupima au kujaza au kupunguza, unasukuma upepo, valvu za magurudumu zinafunguka. Ukimaliza unautoa wote nje, valvu zinajifunga, mstari unabaki mtupu. Ule mlio wa pshhh mfupi mwishoni ni huo, sio ugonjwa. Walitengeneza hivo makusudi ili zile sili za habu zisibebe presha barabarani masaa yote, zingeisha mapema sana.

Kwa hiyo swali sio inavuja wapi, swali ni inavuja LINI.

Gari limezimwa usiku kucha na tairi linashuka: mstari wakati huo ni mtupu, sili ya habu haihusiki kabisa hapo, usije ukafungua habu kwa sababu hiyo nakuomba. Tafuta kwenye upande wa tairi lenyewe, yani pancha, ukingo wa rimu, nyipu (pale unapojazia upepo), hosi fupi iliyo upande wa tairi, au valvu ya gurudumu ambayo haikai vizuri kwenye kiti chake. Mlio unasikika pale tu mfumo unapofanya kazi: hapo ndo utazame sili za habu, hosi zinazoenda kwenye magurudumu, na maungio ya kwenye ekseli. Na kama gari limepaki, matenki yamejaa, mfumo umetulia lakini kontrola yenyewe inatoa upepo taratibu bila kuacha, basi kuna solenoidi haifungi, mara nyingi ni uchafu au kutu kutoka tenkini.

We una dalili mbili, ya usiku na ya wakati wa kazi, na nahisi ziko kwenye gurudumu hilo hilo la nyuma kulia lakini sio lazima ziwe ni kitu kimoja. Usizichanganye.

Kabla hujagusa spana fanya hiki kipimo ambacho ni bure. Jaza upepo mpaka matenki yafike juu kabisa, karibu 120 psi, acha mfumo ujaribu kazi yake mpaka ugome, zima gari, chukua geji ya mkono upime matairi yote sita uandike kwenye karatasi. Manake ni hivi, mfumo ukiwa unapima, valvu zikifunguka matairi yanaunganishwa kwenye mstari mmoja na presha inajisawazisha, kontrola inasoma namba moja. Kwa hiyo kama matano yako sawa na moja liko peke yake chini, hiyo valvu haifunguki au njia yake imeziba, mfumo haulifikii hilo tairi hata ujaze mpaka kesho. Kama yote sita yako sawa lakini yote yako chini ya inavyotakiwa, mfumo unayafikia vizuri ila upepo unapotea njiani au hautoshi kutoka tenkini. Hiyo karatasi usiitupe.

Kuhusu upepo kutotosha: mfumo huu unaheshimu breki, na ni vizuri iwe hivo. Kuna swichi ya presha inayoangalia upepo wa tenki, ukishuka chini ya kiwango inakata matairi ili breki zipate kwanza. Sasa kama una uvujaji wa kawaida kwenye breki au kompresa imechoka, matenki hayapandi vizuri, mfumo unaanza unakatwa, unaanza unakatwa, mwisho unachoka unawasha taa. Watu wanahangaika na matairi kumbe ugonjwa uko kwenye breki. Jaza, zima injini, kaa dakika kadhaa uone geji za dashibodi zinashuka kwa kasi gani. Zikishuka haraka tibu hilo kwanza na wala usiendeshe. Na hiyo swichi yenyewe huwa inakufa pia, upepo umejaa yenyewe inasema hakuna, ipime kwa mita matenki yakiwa yamejaa.

Sasa kutafuta mlio. Weka vigingi magurudumuni, parking breki, mtu mmoja akae kebini. Mwambie ashushe mpaka SAND (presha ndogo ya mchangani) alafu arudishe HWY, hapo mfumo utajaza kwa muda mrefu na utapata nafasi ya kuzunguka na maji ya sabuni. Mwagia hosi, maungio, valvu, alafu weka sikio karibu na habu. Sili ya habu ikivuja huoni povu zuri kama la hosi, upepo unaingia ndani ya habu unatafuta pa kutokea, unaweza ukatokea kwenye briza ya difu (tundu lake la kupumulia) au ukasukuma oili itokee nyuma ya gurudumu ikamwagikia breki. Ukiona oili pale, au oili imeingia kwenye hosi ya upepo, habu hiyo inafunguliwa, hakuna mjadala.

Kuthibitisha: fungua hosi ya lile gurudumu pale inapotoka kwenye habu, ziba tundu la habu kwa plagi nzuri ya nati sio kitambaa, alafu rudia kazi ile ile. Mlio ukiendelea ni sili. Mlio ukiisha ni hosi au valvu. Ila angalia kwanza hosi unayofungua iko upande gani wa valvu, ikiwa ni ya upande wa tairi basi tairi lote litakuishia mkononi. Kwa valvu njia rahisi ni kubadilishana, chukua ya gurudumu zima weka kwenye gonjwa, ugonjwa ukihama na valvu umempata. Huwa zinajaa vumbi la mpira kutoka ndani ya tairi na kutu, wakati mwingine kuisafisha tu inatosha.

Hapa sina utani. Rimu za magari haya nyingi ni za vipande, zipo za ringi ya kufungia na zipo za kufungwa kwa bolti pande mbili. Usilegeze nati yoyote ya rimu tairi likiwa na upepo. Toa upepo wote, chomoa sindano ya nyipu, chomeka waya kwenye tundu uhakikishe halijaziba, ndo ufungue. Tairi la ukubwa huo likilipuka halina cha pole. Kama huna uhakika nati ipi ni ya gurudumu na ipi ni ya rimu, simamisha kazi. Vitabu vya jeshi vya gari lako ni TM 9-2320-272, picha zote zimo.

Umeme ufuate baada ya upepo, sio kabla. Gari ni la volti 24, lina betri zaidi ya moja, na wengi mnachaji moja mkisahau nyingine. Betri zikiwa dhaifu solenoidi hazivuti sawasawa na kaboksi kanachanganyikiwa. Angalia ethi (waya zinazofungwa kwenye bodi), angalia ile soketi kubwa ya kwenye kontrola huko chini inapopigwa na maji na chumvi ya barabarani, Ohio mnamwaga chumvi balaa. Ichomoe, isafishe, angalia pini iliyooza. Mimi mwenyewe niliwahi kumnunulisha mteja kaboksi kapya, tukafunga, taa zile zile zikatucheka, kumbe panya alikuwa ametafuna waya mmoja nyuma ya kebini. Yule mteja alinisamehe ila mimi bado sijajisamehe, ndo maana neno "badilisha kompyuta" linanipa presha.

Na baridi jamani. Maji yanayokaa kwenye matenki ndo adui mkubwa, Januari yanaganda kwenye mstari au kwenye valvu na dalili zake zinafanana kabisa na valvu mbovu, alafu mchana jua likitoka gari linapona lenyewe. Kama ugonjwa wako ni wa asubuhi za baridi tu, toa maji kwenye matenki kila siku na uangalie draya ya upepo (kile kifaa cha kukausha upepo) mara ya mwisho ilihudumiwa lini. Kuna watu wanamimina spiriti kwenye mistari, mi sipendi, mpira wa sili hauipendi pia.

Ushauri wa yule wa pili wa kufumua sio wa kijinga sana, nimeona malori mengi tu yanaishi bila CTIS. Kwa kuni na magogo kwenye barabara ngumu huihitaji kila siku. Ila kama utaamua hivo, ziba pale upepo unapotokea tenkini kwa plagi ya chuma iliyokazwa, usikate hosi ukaifunga na waya, hiyo tenki ndo inashika breki zako. Matairi uyawekee nyipu za kawaida ujaze kwa mkono. Lakini shambani wakati wa matope kule chini kwenye mto utaukumbuka. Ukishusha presha tairi linatandaza mguu, gari linatembea pale ambapo jana lilikuwa linachimba kaburi. Tatizo ni kwamba watu wakitoka kwenye matope wanasahau kupandisha, taa ya mwendo kasi inawaka hawajali, na EMER, ile presha ya dharura, ni ya kutambaa tu, kama maili 5 kwa saa, ukikimbia nayo unapika tairi.

Kwa hiyo leo usinunue kitu. Anza na usiku mmoja: jaza lile la nyuma kulia kwa mkono, lipake sabuni kwenye nyipu, ukingo wa rimu na valvu, asubuhi pima tena. Alafu niletee namba za matairi sita baada ya mfumo kugoma, na uniambie matenki yalikuwa kwenye ngapi wakati taa zinaanza. Nikiziona hizo nitakwambia kama tunafungua habu au hapana.